Likizo ya Desemba, Kahawa ya Juni

Yeyote aliyewahi kufika katika stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, katika juma la mwisho kabla ya Krismasi, hana haja ya kuelezwa jinsi Wahaya wanavyorudi kwao. Magodoro, majiko ya gesi, masanduku ya biskuti, suti mpya zilizokunjwa katika mifuko ya nailoni: vyote hupandishwa ndani ya basi kana kwamba huko tuendako hakuna duka. Watu hututania kwamba Mhaya huweka akiba mwaka mzima ili aitumie kwa siku kumi. Mimi niliyezaliwa Muleba sina ushahidi wa kuukanusha utani huo.

Desemba 2024 nilikuwa mmoja wa wasafiri hao, pamoja na mke wangu, ambaye kwao ni Morogoro, na watoto wetu wawili. Watoto walikuwa hawajamwona bibi yao kwa miaka minne. Tiketi zetu ziliandikwa nauli moja na mkononi tukalipa nyingine. Kondakta alipoulizwa alijibu kwa upole kabisa kwamba asiyeridhika anaweza kusubiri basi la Januari. Tukalipa.

Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni kiasi cha kilomita 1,400, na Muleba hufikiwa kama kilomita 70 kabla ya Bukoba. Ipo njia nyingine, ya kufika Mwanza na kuvuka ziwa kwa meli, lakini katika nyumba yetu meli haipandwi. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza ikitoka Bukoba na Kemondo, na watu zaidi ya 800 wakapoteza maisha, mdogo wake mama alikuwa ndani yake. Mama hakututungia sheria yoyote. Ila kila tulipotaja meli alinyamaza na kuondoka barazani, nasi tukaelewa. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba na watu 19 wakafa, ndege nayo ikaingia katika mambo yasiyotajwa mbele yake. Kwa hiyo sisi ni watu wa barabara.

Na barabara yenyewe naifahamu. Nilipokuwa mwanafunzi, mabasi yalikuwa yamekatazwa kusafiri usiku, hivyo tulilala Kahama, wengine katika nyumba za wageni na sisi wenye mifuko mitupu juu ya viti vya basi. Kabla ya hapo kulikuwa na miaka ambayo msitu wa Biharamulo ulivukwa kwa kusindikizwa na askari wenye bunduki, kwa hofu ya majambazi. Leo lami imefika na ruhusa ya kusafiri usiku imerudi tangu mwaka 2023. Nilimwambia mke wangu, kwa majivuno ya mwenyeji, kwamba safari hii ingekuwa kama kwenda Kibaha na kurudi.

Springi ya nyuma ilikatika tulipopita Lusahunga, alasiri ya tarehe 24. Utingo alilala chini ya basi saa nzima, kisha akatoka na kutangaza kwamba kifaa kinatafutwa Kahama. Abiria walitawanyika pembeni mwa barabara. Mzee mmoja aliyekuwa akirudi na jeneza dogo la mjukuu wake hakusema neno usiku kucha. Alikaa tu karibu na buti la basi, na sisi tuliokuwa tukilalamikia kuchelewa kwa pilau tulipomwona tukapunguza sauti. Krismasi ilitukuta hapo. Tulipita Kyamyorwa jioni ya siku ya pili, na tulipofika nyumbani taa ilikuwa bado inawaka mlangoni.

Siku sita zilizofuata nitazisimulia kwa haraka, maana kila aliyekwenda kwao likizo anazijua. Ndizi zilipikwa, mbuzi alichinjwa, rubisi ilimiminwa, wazee walitafuna kahawa kutoka katika kijikapu na kuniuliza mshahara wangu kwa njia za mzunguko. Senene walikuwa wengi mwaka ule. Mama aliwakaanga akawawekea wajukuu sahani nzima, akicheka kwamba zamani wanawake wa Kihaya waliwakusanya lakini hawakuruhusiwa kuwala, na yeye sasa analipiza. Binti yangu alikula mpaka akaumwa tumbo. Mke wangu alipewa kitenge kipya. Kitanda tulichotandikiwa kilikuwa na godoro jipya pia, nami nikasema moyoni kwamba mama hali yake ni nzuri.

Siku ya saba nilikwenda kwa binamu yangu kumsalimu. Tukiwa tunapita kando ya kibanja cha mama, alinionyesha mibuni chini ya migomba, punje zikiwa bado kijani, akasema, “Hii ya huku mwisho si yenu tena.” Alidhani ninajua.

Msomaji wa mjini huenda hafahamu butura. Ni kuiuza kahawa ikiwa bado mtini, miezi mingi kabla ya mavuno, kwa mtu mwenye fedha mkononi. Bei hupanga yeye, na daima huwa chini mno ya ile itakayolipwa msimu ukifunguliwa. Serikali imeikataza, viongozi wameikemea katika mikutano isiyo na idadi, nayo inaendelea, kwa sababu Desemba kahawa bado ni mbichi na wageni wamekwisha fika. Mama alikuwa ameuza magunia mawili kwa namna hiyo. Mbuzi alitoka hapo. Kitenge na godoro vilitoka hapo pia, na sukari ile niliyoikoroga katika chai vijiko vitatu.

Usiku ule sikumwambia mke wangu. Asubuhi nilimwendea mnunuzi, nikiwa nimejiandalia hotuba. Alikuwa jirani, mtu mwenye adabu, akanikaribisha kiti na kahawa ya kutafuna. Akasema mapatano ni yake na mama, na kama ninataka kuyavunja, mama mwenyewe aje. Nikarudi na nauli yetu ya kurudia mfukoni, nikamwambia mama tuikomboe kahawa.

“Na watoto watarudi shuleni kwa miguu?” aliuliza.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia kwamba hana fedha. Alikuwa anamenya ndizi, wala hakuacha kumenya. “Baba, umekuja baada ya miaka minne. Nikupokee kwa maharage, majirani waseme mwanangu wa Dar es Salaam amekuta njaa?” Kisha akaongeza jambo ambalo sikulitazamia: “Wewe nawe suti ile umeikopea.” Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimechukua mkopo kazini kwa ajili ya safari ile, na mke wangu peke yake ndiye aliyejua. Ni yeye aliyekuwa amemweleza mkwewe jikoni. Kumbe wanawake wale wawili walikuwa wamekwisha hesabu madeni yote mawili, la Dar es Salaam na la Muleba, kabla mimi sijafika kwa binamu.

Ni mke wangu aliyeamua kwamba mwaka uliofuata hatungekuja Desemba. Tulikwenda Juni 2025, likizo ya shule, bila suti na bila masanduku, na basi lilikuwa nusu tupu kwa nauli iliyoandikwa. Tulikula maharage. Tulichuma kahawa wote wanne, tukaianika juu ya maturubai uani, watoto wakipokezana kuigeuza na kufukuza kuku. Ilipokauka, jirani alikuja na pikipiki kuchukua magunia yake mawili. Mama aliyajaza mwenyewe, akayashindilia, akafungua moja na kuongeza viganja viwili kwa kuona limelegea mdomoni.

Lililobaki lilikuwa gunia moja na nusu. Binti yangu alilikalia mpaka lilipopelekwa chamani kupimwa, asije mtu mwingine akalichukua.