Viwanja Vidogo vya Ndege Katika Nchi ya Theluji

Leo twataka kuwapeleka mbali sana, hata pembe ya kaskazini ya Norwe, mahali ambapo jua halichomozi kabisa tangu mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari. Huko tulikwenda siku chache baada ya Epifania, tukimsindikiza mama mmoja wa Kivu. Binti yake anakaa Vadsø, mji mdogo ulio kando ya bahari. Kwa maana Norwe imewapokea wakimbizi wengi wa Kongo, na baadhi yao wamepewa makao katika miji ya kaskazini. Binti huyo alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na ubatizo ulikuwa umewekwa Dominika ya Ubatizo wa Bwana. Mama alikuwa na ombi moja tu: “Wanangu, nifikisheni kabla mtoto hajabatizwa.”

Norwe ni nchi ndefu na nyembamba. Milima yake hushuka hata baharini, nayo bahari huingia kati ya milima kwa ghuba ndefu zenye kina kikubwa. Waweza kukiona kijiji cha jirani ng’ambo ya maji, lakini ukitaka kukifikia kwa motokaa itakubidi kuizunguka ghuba nzima. Reli ya kaskazini, iliyofika Bodø mwaka 1962, inaishia hapo. Mbele yake iko ile ya Narvik tu, nayo yatoka Uswidi. Zamani watu wa pwani walitegemea meli. Tangu mwaka 1893 meli za posta hupita katika pwani hiyo, na hata leo meli hutia nanga katika bandari 34 kati ya Bergen na Kirkenes. Lakini meli huenda polepole, na mgonjwa hawezi kungoja.

Ndiyo sababu ndege ilipata kazi huko mapema. Mwaka 1934 Viggo Widerøe na wenzake walianzisha kampuni ya ndege. Na kwa kuwa viwanja vilikuwa vichache, ndege zao nyingi zilitua juu ya maji. Baadaye serikali ikaamua kujenga viwanja vifupi karibu na miji midogo. Vinne vya kwanza, yaani Namsos, Brønnøysund, Sandnessjøen na Mo i Rana, vilifunguliwa mwaka 1968. Mwaka 1974 ikawa zamu ya Finnmark, jimbo la mwisho kaskazini: Vadsø, Mehamn na Berlevåg zikapata viwanja vyao. Njia ya kurukia ilikuwa na urefu wa meta 800 hivi, hali ndege kubwa za safari za mbali huhitaji meta 2,500 na zaidi. Ndege za kwanza, zilizoitwa Twin Otter, zilichukua watu 19. Leo zatumika Dash 8, na zile ndogo zina viti 39.

Msomaji atauliza: nani analipa gharama hizi zote, ikiwa abiria ni wachache? Jibu lake lastahili kukumbukwa. Kampuni ya serikali iitwayo Avinor yatunza viwanja zaidi ya 40, vikubwa kwa vidogo, na faida ya vile vikubwa husaidia kuvilisha vile vidogo. Tena, kwa njia ambazo nauli haitoshi, serikali huyaita makampuni yashindane, kisha huilipa ile iliyochaguliwa na kuiwekea masharti: safari zisipungue kiasi fulani, wala nauli isizidi kiasi fulani. Ni kama katika jamaa njema, ambamo ndugu mkubwa mwenye mshahara humlipia karo mdogo wake, wala hamwambii, “Wewe huniletei faida.”

Sasa yatupasa kuungama kosa letu. Tulitaka kupunguza gharama, tukanunua tikiti mbili mbali mbali, za makampuni mawili: moja ya kututoa Bruseli mpaka Oslo, nyingine ya kututoa Oslo mpaka Vadsø. Kati yake tuliacha saa moja na nusu, tukadhani yatosha. Pasi ya Mama ilikuwa imekwisha kutazamwa Bruseli, kwani Norwe, ijapo si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, imo katika mapatano ya Schengen tangu mwaka 2001. Lakini mambo ya forodha ni mengine. Masanduku yetu yalipaswa kuchukuliwa Oslo, kupitishwa mbele ya watu wa forodha, na kuandikishwa upya kwa safari ya ndani. Nayo ndege ya Bruseli ilichelewa karibu saa nzima. Tulipofika dirishani tukihema, mlango wa ndege ya kaskazini ulikuwa umekwisha fungwa.

Kijana wa dirishani alitueleza kwa adabu nyingi kwamba kampuni yake haina deni kwetu, kwa kuwa tikiti ile ya kwanza haiijui. Hiyo ilikuwa siku ya Alhamisi. Ijumaa hakukuwa na nafasi hata moja, maana ndege yenye viti 39 hujaa upesi. Tukanunua tikiti mpya za Jumamosi, na fedha tuliyojisifu kuiokoa ikatoka mifukoni mwetu mara mbili. Mama hakutulaumu. Alikaa kimya juu ya kiti cha chuma, amejifunika shali yake, akihesabu siku kwa vidole. Kimya chake kilituumiza kuliko maneno.

Basi, ninyi mtakaosafiri, au mtakaompeleka mzazi wenu kwa ndege, yashikeni haya tuliyojifunza kwa hasara. Nunueni tikiti moja kutoka mwanzo hata mwisho wa safari. Hapo, ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni iliyowauzia ina wajibu wa kuwafikisha. Msipange kupanda ndege ya mwisho ya siku; chagueni ya asubuhi, ili mkiikosa ibaki nyingine. Ikiwa mnakwenda kwenye harusi, mazishi au ubatizo, acheni siku nzima katikati. Ulizeni mapema njia ya pili: basi gani, meli gani, kiwanja gani cha jirani. Na dawa, hati, na nguo za baridi msizitie katika sanduku kubwa, bali zichukueni mkononi.

Jumamosi tuliruka kwenda Tromsø, safari ya karibu saa mbili. Ndio mji wa askofu Mkatoliki wa kaskazini, wenye kanisa la Bikira Maria lililojengwa mwaka 1861. Papa Yohane Paulo II aliutembelea mwezi wa Juni 1989. Parokia za askofu huyo hazifiki kumi, lakini zimetawanyika katika nchi pana sana, hata mapadri wake hutumia siku nyingi njiani.

Hapo Tromsø tukaingia katika ndege ndogo ya mapanga mawili. Hiyo husafiri kama motokaa ya abiria ya kwetu isimamavyo katika kila soko: yatua, watu wachache washuka, wengine wapanda, yaruka tena. Hammerfest akapanda bwana mmoja mwenye koti zito na mfuko mdogo mweusi, akakaa nyuma yetu. Mehamn mwalimu mmoja akashuka, na mzee mmoja atokaye hospitali akapokewa na wajukuu wake chini ya taa, theluji ikiwa imewafikia magotini. Hapo tukafahamu kwamba kwa watu hawa kiwanja si mahali pa watalii. Ni mlango wa nyumba yao.

Tulipokaribia Vadsø, rubani akatangaza kwamba upepo wavuma kwa nguvu kutoka ubavuni, naye hatatua. Tutapita mpaka Kirkenes, ng’ambo ya ghuba. Mama akatushika mkono: “Mbona taa za mji naziona? Asijaribu hata mara moja?” Tukamweleza habari ya kisiwa cha Værøy. Huko kiwanja kidogo kilifunguliwa mwaka 1986 chini ya mlima. Tarehe 12 Aprili 1990 ndege ilishikwa na upepo mkali mara baada ya kuruka, ikaanguka baharini, na watu wote watano waliokuwamo wakafa. Kiwanja kikafungwa, na leo kisiwa hicho hufikiwa kwa helikopta kutoka Bodø. Rubani ageuzaye ndege si mwoga. Amewahesabu watoto wa watu waliomo nyuma yake. Mama akasema, “Basi, ageuze.”

Kirkenes basi lilikuwa likitungoja, kwa maana tikiti yetu sasa ilikuwa moja. Kuizunguka ghuba ni kilomita zipatazo 170. Gizani, katika njia ya barafu, Mama akatoa rozari yake akaanza kusali kwa Kiswahili. Tukasikia nyuma yetu sauti nyingine ikiitikia kwa lugha ya kigeni: ni yule bwana wa Hammerfest, naye ameshika rozari. Kumbe ndiye padri aliyekuwa akienda Vadsø kumbatiza mtoto! Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. “Siku tatu nalia kwamba watabatiza bila mimi,” akasema, “na mbatizaji mwenyewe tu pamoja naye katika gari moja.”

Kesho yake, katika kanisa tuliloazimwa na ndugu zetu Walutheri, bibi alimshika mjukuu wake juu ya maji ya ubatizo. Baada ya Misa, katika mwanga hafifu wa adhuhuri isiyo na jua, wenyeji walituonyesha mlingoti mkubwa wa chuma. Mwaka 1926 ulifungwa hapo Norge, chombo cha hewa mfano wa puto refu lenye injini, kilichowapeleka Roald Amundsen wa Norwe, Lincoln Ellsworth wa Marekani na Umberto Nobile wa Italia juu ya ncha ya kaskazini ya dunia. Mwaka 1928 Nobile alipita tena hapo na chombo kingine, akiwa na msalaba wa mti aliopewa na Papa Pio XI. Tarehe 24 Mei aliudondosha juu ya ncha hiyo, na siku iliyofuata chombo chake kikaanguka juu ya barafu. Amundsen alikuwa amegombana naye mbele ya ulimwengu wote. Hata hivyo, tarehe 18 Juni aliruka kutoka Tromsø kwenda kumtafuta. Nobile aliokolewa na wengine. Amundsen hakurudi kamwe.

Mbele ya mlingoti ule tulifikiri juu ya safari yetu. Amundsen hakuuliza kama mtu aliye barafuni anastahili. Na wale waliojenga kiwanja kwa ajili ya kijiji cha wavuvi hawakuuliza kwanza kama kijiji kitaleta faida. Kwetu Kongo pia, ziko parokia na zahanati za msituni ambazo mlango wao ni kiwanja cha udongo, kikifyekwa na mikono ya wanakijiji. Ninyi vijana mnaosoma ufundi, hesabu na uongozi, siku moja mtaulizwa kama mlango huo ufungwe au udumishwe. Mkumbukeni siku hiyo mama wa Kivu, na mjukuu aliyemngoja ng’ambo ya ghuba.