Mwenzangu wa Njiani

Tangu tumzike mama, maneno ya sala yalinikauka. Siku hizo nilicheza Journey, mchezo wa video wa mwaka 2012, wa saa mbili hivi. Unavuka jangwa kuelekea mlimani, na kwa intaneti unakutana na mwenzako usiyemjua. Hamzungumzi, mnaitana kwa mlio tu. Kwenye theluji tulitembea bega kwa bega, tukitiana nguvu kila tulipogusana.

Sisi wa Tabora tunaijua safari hiyo. Kwihara tunawakumbuka Livingstone na Stanley. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kati ya Bagamoyo na Ujiji, wengi hatuwajui majina. Lakini walifikishana.

Wanajumuiya walioketi nami msibani kimya, wengine siwajui hadi leo. Mungu alikuja nao. Sasa nasali hivyohivyo: nakaa karibu naye, hata bila neno.