Nyanya Zilizojiotea

Mimi ninakaa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi. Huenda umepita hapa kwa basi ukajiuliza juu ya jina hili. Maji ya mto wetu yana rangi kama chai ya rangi. Tena yana madini ya floraidi, ndiyo maana wengi wetu tuna meno ya kahawia. Lakini leo sisemi habari za meno. Nataka kukueleza habari za mashimo yangu ya mboji.

Nyuma ya nyumba, karibu na migomba, nina mashimo mawili. Humo natupa maganda ya ndizi, majani, majivu, samadi ya mbuzi na mabaki ya jikoni. Shimo moja likijaa, naanza la pili.

Mwaka 2017 mvua za masika zilipopita, mashimo yote mawili yalifunikwa na mimea ambayo sikuipanda. Mimea ya namna hiyo huitwa maotea. Palikuwa na mipapai mitatu, mche wa parachichi, na nyanya nyingi hata sikuzihesabu. Mboga wa maboga ulitambaa mpaka juu ya banda la mbuzi. Je, wewe ungeng'oa chakula kilichokuja chenyewe? Mimi sikung'oa. Mama mkwe wangu aliniambia, "Mwanangu, hiyo ni zawadi. Iache." Tulikula majani ya maboga mpaka watoto wakanung'unika.

Hatua thelathini kutoka hapo nilikuwa na robo eka ya nyanya za kuuza. Mbegu nilinunua, dawa nilikopa. Fedha za nyanya hizo zilikuwa za kumpeleka mwanangu chuo cha ufundi.

Siku moja niliona mabaka meupe kwenye majani ya nyanya za shimoni. Niliyaona vizuri kabisa. Nikajiambia, hizi si za kuuza, haidhuru. Baada ya majuma machache mabaka yale yalikuwa shambani. Kisha matunda yakatoboka. Nilitegemea matenga arobaini, nikapata sita.

Bwana shamba alipokuja, hakuanza na shamba. Alisimama penye mashimo. Alichuma jani moja, akaliinua juani, akasema, "Mama, tazama ndani." Nikaona kiwavi mdogo anatembea katikati ya jani, kama mtu ndani ya shuka.

Huyo ndiye kanitangaze. Mama yake ni nondo mdogo wa kijivu, anayeweza kutaga mayai hata 260. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Hapa Tanzania alionekana kwanza mwaka 2014, katika kijiji cha Ngabobo, Kata ya King'ori, humu humu Arumeru. Nyanya zinapokwisha shambani, yeye huendelea kuishi kwenye maotea akingoja msimu mwingine. Mimi nilikuwa nimemfuga nyumbani kwangu.

Nikamwuliza, mbegu zilitoka wapi? Akacheka. Mbegu ya nyanya ni ngumu. Hupita hata tumboni mwa mtu ikatoka nzima. Mboji ikipata joto kali, kama nyuzi 60, mbegu nyingi hufa. Yangu ilikuwa baridi, kwa sababu nilitupa taka kidogo kidogo wala sikuzigeuza.

Siku hizi nakusanya taka nyingi kwanza, ndipo napanga tabaka kwa tabaka pamoja na samadi na maji. Nachomeka fimbo ndefu katikati. Baada ya siku chache naichomoa na kuishika. Ikiwa moto, najua kazi inaendelea. Ikipoa, nageuza. Nyanya ikichipua pembeni, nang'oa siku ile ile.

Maboga nayaacha, ila la kwanza naonja kipande kidogo kabla ya kupika. Boga lililojiotea likiwa chungu, litemee mbali, usilipike. Uchungu ule ni sumu, na moto hauuondoi.

Mwanangu alikwenda chuo mwaka uliofuata, kwa fedha za mbuzi watatu. Mama mkwe bado hajakubali. Kila akiniona nang'oa nyanya anatikisa kichwa. Mpapai mmoja nilimwachia yeye. Sasa umepita paa la nyumba.