Pampu Kwanza, Turbo Baadaye

Wasee, tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, Naivasha hapo jirani, kila kijana wa Nakuru anajiona dereva. Mimi pia.

Doo yangu yote ya kushuti harusi niliitia kwa turbo kubwa ya Subaru Impreza. Fundi aliniambia, "Kijana yangu, anza na pampu ya mafuta na nozeli." Nikaona ananichelewesha.

Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, ndiyo maana turbo huku inanoga: inasukumia injini hewa zaidi. Lakini hewa zaidi inadai petroli zaidi. Pampu ikilemewa, hewa inazidi mafuta, joto linapanda, pistoni inayeyuka.

Yangu iliyeyuka nikipanda kuelekea Mau Summit. Moshi, kisha kimya. Dadangu mdogo alikuwa kando yangu. Trela iliyokuwa nyuma ilitukwepa kidogo tu. Mpaka leo hapandi gari langu.

Sasa naweka akiba upya: injini, pampu, nozeli, halafu kompyuta ya gari ipangwe. Turbo itangoja. Na wewe, ungeanza na nini?