Fedha Zilizonilisha Nikiwa Kitandani

Kanisani kwetu Mumbuni, hapa Machakos, nimesikia shuhuda nyingi za watu walioponywa na waliopata kazi baada ya kukata tamaa. Mimi pia niliugua nikapona, na Mungu namshukuru kila kukicha. Lakini sehemu ya ushuhuda wangu ninayotaka kuieleza kwa urefu ni ile ya ritani ya kodi, kwa sababu huko ndiko nilikojaribiwa nikiwa nadhani majaribu yamekwisha.

Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha Athi River. Mwaka 2022 mgongo ulianza kuniuma, nikafikiri ni uchovu wa kuhesabu na kusogeza maboksi. Usiku nikawa natoka jasho hadi shuka zinalowa. Kisha miguu ikaanza kufa ganzi. Katika Hospitali ya Machakos Level 5 walinipiga picha, wakanipima, wakaniambia ni TB ya mgongo. Siku zote nilijua TB ni ugonjwa wa mapafu. Daktari alinieleza kwamba vijidudu vyake vinaweza kusafiri kwa damu na kukaa katika pingili za uti wa mgongo, vikazila kidogo kidogo. Dawa zenyewe hutolewa bure katika hospitali za umma, ila TB ya mapafu hutibiwa kwa miezi 6 na ya mgongo kwa miezi 12. Nikafungwa mkanda mgumu kiunoni, nikakatazwa kuinua hata ndoo ya maji.

Ukiugua Kenya ukiwa umeajiriwa, sheria inakushika mkono kwa muda mfupi sana. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila kipindi cha miezi 12, na lazima alete cheti cha daktari. Hicho ndicho kiwango cha chini. Siku 14 kwa ugonjwa wa miezi 12! Mwajiri wangu alinilipa mwezi wote wa Juni bila kukata, na kwa hilo sitaacha kumshukuru.

Kilichoniokoa baada ya hapo ni makubaliano ya chama chetu cha wafanyakazi. Kiwanda kilikuwa kimetukatia bima ya pamoja ambayo, mtu akiugua muda mrefu, humlipa nusu mshahara hadi miezi 6. Haikuwa fidia ya kuumia kazini. Hiyo ina sheria yake, ile ya 2007 ambayo wafanyakazi wote wanaijua kama WIBA, na ugonjwa wangu haukutokana na kazi. Mshahara wangu ulikuwa shilingi 40,000, kwa hiyo kampuni ya bima ilipaswa kuniwekea 20,000 kila mwezi, moja kwa moja kwenye akaunti yangu ya benki.

Zilichelewa. Julai ikapita, Agosti nchi ikapiga kura, nami bado naambiwa faili langu linashughulikiwa. Ulikuwa mwaka wa ukame mkali Ukambani na pakiti ya unga ya kilo 2 ilikuwa imepita shilingi 200. Mama alishuka kutoka Kathiani na muthokoi aliouhifadhi, akakaa nami, akanigeuza kitandani kama alivyonigeuza nilipokuwa mchanga. Mwenye duka la jirani aliandika deni langu kwenye daftari bila kuniuliza nitalipa lini. Binti yangu alikuwa sekondari, akarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Fedha za bima zilipoingia hatimaye, zikiwa za miezi kadhaa kwa mkupuo, nililia mbele ya mama bila haya. Zilitulisha hadi Desemba. Januari nikarudi kazini, mkanda ukiwa bado kiunoni, nikapewa kazi ya kukaa mezani.

Kisha ikaja Juni 2023, na kila mwenye namba ya PIN anajua Juni ni mwezi gani. Ritani ya mwaka uliotangulia hufungwa tarehe 30, na anayechelewa hutozwa faini. Nilipewa fomu yangu ya P9 kazini, nikaenda saiba mjini kufaili. P9 ilionyesha miezi sita tu, Januari hadi Juni: jumla 240,000, na kodi iliyokatwa 26,300 hivi, nikiyaacha kando makato madogo ya NSSF na NHIF. Kuanzia Julai, mistari ilikuwa mitupu. Zile 120,000 za bima hazikuwa popote, kwa kuwa mwajiri hakuzilipa na kampuni ya bima haikuzikata kodi.

Kijana wa saiba alipiga hesabu, akatabasamu. “Anti, una bahati. Utarudishiwa kodi yote.” Na alisema kweli kwa hesabu ile. Kodi hukatwa mwezi kwa mwezi kana kwamba utapata mshahara huohuo mwaka mzima, lakini ritani hutazama mwaka wote kwa pamoja. Shilingi 288,000 za kwanza za mwaka hutozwa asilimia 10, yaani 28,800, na nafuu ya kila mkaazi kwa mwaka ni hizohizo 28,800. Mtu aliyepata 240,000 kwa mwaka hadaiwi kitu. Nikamuuliza: na za bima? Akajibu, “Hizo ziache, anti. Hazimo kwenye mfumo.”

Shilingi 26,300. Nilikuwa na deni dukani, deni la chama cha akiba, salio la karo. Nilimwambia asitume kwanza, nikarudi nyumbani.

Mama hajawahi kufaili ritani maishani mwake. Nilipomweleza aliuliza kitu kimoja: “Hizo fedha, ulizila?”

“Nilizila, mama.”

“Basi zilikuwa zako. Mbona unataka kuzikana?”

Asubuhi nilikwenda Huduma Centre kumwona afisa wa kodi. Alinisikiliza kwa heshima, akanionyesha kifungu cha 5 cha Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470. Katika orodha ya mapato ya ajira, baada ya mshahara na malipo ya likizo, malipo ya ugonjwa yametajwa waziwazi. Alinieleza kwamba gharama za matibabu ambazo mwajiri humlipia mfanyakazi wake wa kudumu hazihesabiwi kuwa mapato yake, lakini fedha zinazokaa mahali pa mshahara kwa sababu ya ajira ni mapato, hata kama mkono uliozitoa ni wa kampuni nyingine. Akaniagiza nitafute barua ya kampuni ya bima yenye tarehe na kiasi cha kila malipo, niambatanishe na taarifa ya benki, nivitunze vyote.

Barua hiyo nayo ilinihangaisha, lakini niliipata kabla ya tarehe 30. Katika karatasi F ya ritani niliandika mapato yote, 240,000 za kiwanda na 120,000 za bima. Katika karatasi M niliandika kodi iliyokatwa na mwajiri peke yake. Mapato yakawa 360,000: zile 288,000 kwa asilimia 10, na 72,000 zilizobaki kwa asilimia 25, yaani 18,000. Nafuu ikafuta sehemu ya kwanza, nikabaki nadaiwa kodi ya 18,000. Kwa kuwa zilikuwa zimekatwa 26,300, nilistahili kurudishiwa 8,300. Nilituma ombi, zikaja baadaye, nikafunga ukurasa wangu kwenye daftari la duka.

Tofauti ni 18,000, na kwa nyumba yangu wakati ule hizo zilikuwa fedha nyingi. Sitamdanganya mtu kwamba hazikuniuma. Lakini nilitaka kusimama kanisani na kusema Bwana alinilisha kwa miezi sita, na nisingeweza kusema hivyo huku nimeandika mahali pengine kwamba miezi ile sikupata chochote.

Kilichobaki kunikera ni kwamba mgonjwa anaachiwa mzigo huu peke yake. Mwenzetu mmoja wa kiwandani aliyevunjika paja katika ajali ya boda alikuwa amefaili P9 yake ilivyo, bila kujua. Tuliketi naye, tukaandika barua kwa bima, akarekebisha ritani yake. Kisha tukapeleka jambo hilo kwa mwakilishi wa chama chetu: fedha za bima zipitie kwa mhasibu wa mishahara, zikatwe kodi humo, zionekane kwenye P9 ya mgonjwa pamoja na mshahara wake. Mwajiri alikubali bila mabishano, na katika mkataba uliofuata kipengele hicho kimo.