Kadi Irudi Kwanza

Muheza, Tanga
Julai

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku wazima, ila magoti yananisumbua nikishuka bondeni. Dada yako amejifungua salama, mtoto wa kike, atakusimulia mwenyewe. Mvua zimekatika na machungwa yanachumwa.

Nimeandika barua hii kwa mkono kwa sababu kwenye simu nikikuuliza hali unajibu, "Niko poa, shangazi," kisha unampa mtoto simu niongee naye. Naomba safari hii unisikilize hadi mwisho. Isome ukiwa umetulia, halafu uisome tena pamoja na mkeo.

Mama mmoja wa mtaa huu alikuja Kibaha kumuuguza mwanawe. Aliporudi akaniambia alikuona siku mshahara uliposoma, umesimama nje ya benki kando ya kijana mmoja, na kijana yule ndiye aliyeingia kutoa hela. Alipotoka alihesabu, akatia nyingi mfukoni mwake, akakupa zilizobaki. Nilimwambia atakuwa amekufananisha. Usiku wa siku ya tatu, saa nne, kwenye simu yangu ukaingia ujumbe wa watu nisiowajua, wanasema mimi ni mdhamini wako na wewe ni mdaiwa sugu. Sikulala. Asubuhi nikampigia mkeo, nikamuuliza kuhusu kadi ya benki, akanyamaza, kisha akalia. Usimgombeze. Mimi ndiye niliyemlazimisha kusema.

Kwa hiyo najua. Ulikopa 400,000 mkeo alipojifungua kwa upasuaji, kwa riba ya asilimia 25 kwa mwezi, ukamwachia mkopeshaji kadi na namba ya siri. Silaumu ulikopa kwa ajili ya nini. Mke yuko hospitali, mtoto yuko tumboni, mwanaume atabisha hodi popote. Lakini piga hesabu, wewe ni mwalimu. Kila mwezi anakata 100,000 ya riba. Miezi minane imepita, amekwisha kuchukua 800,000, na zile 400,000 zipo palepale kama siku ya kwanza. Watu hawakukosea kuiita mikopo hiyo kausha damu.

Kinachoniuma zaidi ya riba ni kadi. Niliwahi kumwona mtu wa aina hiyo hapa mjini, miaka ile nafundisha bado. Mwisho wa mwezi alikaa kwenye benchi karibu na benki, ameshika kadi za watu zimefungwa kwa raba bendi, nene kama tofali la sabuni, na kaunta buku ya namba za siri mapajani. Walimu wenzangu walikaa kivulini kusubiri waitwe. Mmoja wao alikuwa na mtoto mgongoni, mtoto analia njaa, na mama yake hawezi kumnunulia hata andazi mpaka yule bwana ampe kilichobaki cha mshahara wake yeye mwenyewe. Sijasahau alivyopokea zile noti kwa mikono miwili na kusema asante.

Sasa nikueleze kwa nini jambo hili linaniingia hivi, maana baba yako hakukusimulia, na ninajua kwa nini hakukusimulia.

Mvua za El Niño za 1997 hadi 1998 ziliangusha ukuta wa nyumba yangu wa upande wa jikoni. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi, mtoto wangu wa mwisho alikuwa ananyonya, na aliyemtangulia alikuwa na miaka minne. Mshahara wangu wa ualimu haukutosha hata bati. Nilikwenda kwa baba yako. Alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa na fedha za mnazi, tena yeye ndiye aliyepewa shamba la juu, lenye udongo mzuri. Mimi nilipewa bondeni kwenye mawe kwa kuwa ni mwanamke. Akaniambia nisubiri. Mungu amrehemu, ni kaka yangu na nilimpenda, lakini aliniambia nisubiri na mvua inaingia jikoni.

Akaja mnunuzi wa machungwa. Unawajua, hata leo wapo: wanakuja miti ikiwa imechanua, wanatembea shambani wakiangalia juu, wanakutajia bei ya maua. Chungwa halijawa hata kama gololi, yeye analilipa papo hapo, kwa theluthi ya bei ya chungwa lililoiva. Nilikuwa na michungwa 36. Nikauza yote ikiwa kwenye maua. Ukuta ukasimama.

Ilipofika Julai machungwa yakaiva, akaleta wachumaji, na mlinzi akalala shambani kwangu. Siku moja mwanangu wa miaka minne aliokota chungwa lililoanguka karibu na choo. Yule mlinzi akaja, akamfungua vidole kimoja kimoja, akalitoa, akalitupa kwenye tenga. Hakumpiga wala hakumtukana. Alisema tu, "Haya yana mwenyewe." Mtoto akanitazama mimi, si yule mlinzi. Alitaka kujua kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli.

Lori lilipoondoka sikuwa na machungwa wala fedha, kwa sababu fedha zake nilizila kabla. Maua yalipotoka tena nikauza tena, ili tule mwaka ule. Hapo ndipo ulipo mtego, na ndipo ulipo wewe. Kila mwezi unarudi kukopa kidogo kwa sababu mwezi uliopita ulichukuliwa. Umeuza mshahara ungali maua, mwanangu, na mwenye mshahara anasimama nje ya benki.

Nilitokaje? Sikutoka kwa siku moja. Nilianza kukaanga vitumbua saa kumi alfajiri, nikauza kabla ya kengele ya shule. Hela zile zikaniwezesha, 1999, kumwambia mnunuzi: nakuuzia 31, hii mitano siiuzi. Alicheka, akakubali. Niliipaka mitano ile chokaa kwenye shina ili wachumaji wasikosee. Ilipoiva nikaiuza mwenyewe, kwa bei ya chungwa lililoiva, na ile tofauti ndiyo iliyonipa nguvu ya kuzuia miti 12 mwaka uliofuata, kisha 22. Mwaka 2002 nilipaka chokaa mti wa 36. Watoto ndio walioshika ndoo. Waliyahesabu yale mashina meupe kila jioni, na yule aliyenyang'anywa chungwa ndiye aliyejifunzia kuhesabu pale. Tangu mwaka ule hakuna mtu aliyebisha hodi kwangu kudai, na baba yako alipougua, dawa zake nilizilipa kwa machungwa ya bondeni kwenye mawe. Nalisema hili mara moja, sitalirudia.

Ninachotaka ni kwamba kadi irudi kwanza. Madeni mengine yote yatangojea. Mkeo ameniambia unafikiria kuchukua mkopo mkubwa wa benki wa miaka sita, ufunge hili kisha kitakachobaki mnunue kiwanja. Achana na kiwanja kwa sasa. Mkopo wa benki una riba ndogo kuliko ya huyo bwana, hilo sikatai, lakini chenji ya mkopo haijawahi kukaa kwenye nyumba yenye watoto wadogo. Itakwenda kwenye godoro, kwenye homa, kwenye harusi ya rafiki, na miaka sita utaendelea kulipa kiwanja usichokiona. Tena makato ya Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi, yapo bado yanakusubiri kila mwezi.

Fanya hivi. Mimi nina 150,000 za machungwa ya mwezi huu. Ni zako. Si mkopo, lakini si za chakula wala za nguo, ni za kadi. SACCOS yenu ya walimu inatoza asilimia 1 kwa mwezi na inakopesha hadi mara tatu ya akiba. Mkeo anasema akiba yako inatosha. Omba 250,000 kamili, usiombe hata shilingi moja zaidi. Ukirejesha 25,000 kwa mwezi, mwezi wa kwanza utatoa 27,500 pamoja na riba, na riba itashuka kadiri deni linavyopungua. Miezi kumi umemaliza. Leo unatoa 100,000 na hupunguzi kitu. Ile 72,500 inayookolewa ndiyo miti yako mitano.

Uende na shahidi, mwalimu mkuu au mzee wa mtaa. Mlipe, akuandikie kwamba deni limekwisha, mchukue kadi, na siku hiyohiyo uingie benki ubadilishe namba ya siri. Hiyo namba benki wenyewe wanakukataza kumpa mtu yeyote. Akileta maneno, muulize leseni yake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka awe nayo, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wasiopokea amana. Kwa 400,000 hiyo ni 14,000. Yeye anachukua 100,000. Na serikali inaagiza makato ya mtumishi yasimwachie chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Benki na SACCOS hulazimika kufuata agizo hilo, kwa kuwa makato yao yanaonekana kwenye hati ya mshahara. Huyu hafuati chochote kwa sababu ameshika kadi, na makato yake hayaonekani popote ila kwenye sahani za wanao.

Wale wa ujumbe wa usiku, wa kwenye simu, angalia kwanza kama wanatambulika. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Ulichokopa utarudisha, mimi simfundishi mtoto wangu kudhulumu, lakini usikope kwao tena hata 5,000. Ufute programu yao ukishalipa.

Daftari la dukani kwa Mangi, mlipe kidogo kila Jumamosi, hata 3,000, tena umlipe mwenyewe kwa mkono wako, usimtume mkeo akaaibike peke yake. Kile kideni cha kwenye simu kinachojikata ukitumiwa hela kimalize mwezi wa pili na usikifungue tena. Makundi ya harusi ya WhatsApp, usiahidi. Waambie mwaka huu huna, watanuna kisha watasahau. Kliniki ya mtoto usikose hata mwezi mmoja, chanjo hailipiwi. Maziwa ya mtoto yasipunguzwe kwa ajili ya deni lolote, hata hili la SACCOS. Hela za kikoba cha mkeo zikigawanywa Desemba ni zake. Akitaka kukusaidia atasema mwenyewe, wewe usizipigie hesabu.

Na usimfiche tena. Mume wangu, Mungu amrehemu naye, alinificha deni la baiskeli miaka miwili, na niliumia kwa kufichwa kuliko kwa baiskeli.

Najua unaona aibu. Nimekusomesha, ninakujua ukiwa na aibu unavyotembea upande upande. Lakini umefikia kusimama kando ya kijana yule mbele ya watu wa Kibaha kila mwezi. Aibu ya kwenda na shahidi siku moja ni nyepesi kuliko hiyo. Kadi irudi kwanza. Nalirudia kwa sababu najua utasoma barua hii, utaona hesabu ya SACCOS ni nzuri, utasema nitaanza mwezi ujao. Mwezi ujao mshahara utasoma, na yeye ndiye atakayeingia benki. Nenda kabla ya hapo.

Chukua chaki, umwambie mwanao mkubwa achore mstari mmoja nyuma ya mlango kila unaporudisha 25,000. Mistari ni kumi tu. Hana haja ya kujua ni ya nini kwa sasa.

Barua hii na bahasha ya 150,000 anakuletea kijana wa jirani anayekuja kazini huko. Zihesabu mbele yake, na unipigie jioni hiyohiyo. Idi ya mwakani mje wote. Mwambie mume wangu, huyo mjukuu wangu mwenye meno mawili, kwamba ule mchungwa wa karibu na choo bado unazaa, na machungwa ya tawi la chini, linalofikiwa na mtoto, nimewakataza wachumaji wasiyaguse.

Wako,
Shangazi