Moshi wa Kibuyu, Moshi wa Islay

Enzi za ujana wetu pale Eldoret, wiski ilikuwa kinywaji cha kumalizwa upesi. Tuliimwagia soda, tukajaza barafu, na aliyemaliza wa kwanza ndiye aliyesifiwa. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyeinusa glasi yake.

Mwaka 2004 nilikwenda Glasgow kusoma. Mzee aliyenipangisha chumba alikuwa fundi wa meli mstaafu, na usiku mmoja wa baridi alinimiminia wiski ya Lagavulin ya miaka 16, kidole kimoja tu. Ilipofika puani nilidhani amenipa dawa ya kidonda: iodini, masizi, kamba ya mashua iliyolowa chumvi. Nikaomba soda. Akachota maji ya bomba kwa kijiko cha chai, akadondosha matone matatu, akaniambia, “Subiri kidogo, kijana, halafu nusa tena.”

Nikanusa. Chini ya ule moshi nikamkuta bibi yangu.

Kogo, ndivyo tulivyomwita, alikuwa akichoma kijiti cha senetwo hadi kiwe kaa, anakitia kingali chekundu ndani ya kibuyu, anasugua na kusugua mpaka kuta zote ziwe nyeusi. Hapo ndipo alipomimina maziwa, akaziba, akayaacha siku kadhaa. Mursik iliyotoka humo ilikuwa na madoa ya kijivu, ukali wa kuganda, na kwa nyuma utamu mdogo wa mti ulioungua. Utamu huohuo ulikuwa kwenye glasi ya yule mzee.

Mwaka uliofuata nilipanda feri kwenda kisiwani Islay, inakotoka wiski ile. Kutoka bandari ya Port Ellen unaweza kutembea kwa miguu ukapita viwanda vya wiski vya Laphroaig, Lagavulin na Ardbeg, vyote kandokando ya bahari. Moshi wao hutoka kwenye piti, udongo mweusi wa kinamasi unaokatwa kama matofali na kukaushwa. Huo ndio unaokausha kimea cha shayiri kabla hakijapondwa. Pombe inatoka kwenye mitungi ya shaba ikiwa nyeupe kama maji. Sehemu kubwa ya rangi ni ya pipa. Sheria ya wiski ya Uskoti inataka ikae ndani ya mwaloni miaka 3 kwa uchache. Mapipa mengi hutoka Marekani, ambako wiski ya bourbon lazima iwekwe kwenye mwaloni mpya uliounguzwa kwa ndani. Kuunguza ndani! Kogo angelielewa jambo hilo bila kuelezwa.

Kila mwaka pipa hupoteza karibu asilimia 2 hewani, fungu wanaloliita la malaika. Ndiyo maana umri una bei. Lakini sikubaliani na wanaodai kwamba iliyozeeka zaidi lazima iwe tamu zaidi. Niliwahi kuonja ya miaka 25 kutoka kisiwa hichohicho: moshi umefifia, mbao zimetawala. Nilirudi kwa ile ya 16, na mpaka leo sijaihama.

Siku hizi kidole kimoja kinanitosha jioni nzima. Ukibahatika kuipata, barafu iache, maana baridi huifunga harufu. Anza na matone matatu ya maji, usubiri.